Hatua Kumi na Saba

Jumatatu, 8 Julai 1957

Ni mimi niliyevunja mashini ya kushona ya Masista. Namba nne, ile ya karibu na dirisha. Sijamwambia mtu yeyote, hata padri. (Padri nilimwambia tu kwamba nililamba sukari.) Daftari, wewe ndiwe wa kwanza.

Ilikuwa hivi. Siku moja kabla ya mtihani wa mwisho nilirudi darasani peke yangu kufanya mazoezi ya tundu la kifungo. Nilikanyaga haraka mno. Kukatoka mlio kama wa jino. Sindano ikavunjika, na kile kichuma kidogo kinachobeba uzi wa chini kikapinda. Nikaweka sindano nyingine. Kichuma nikakinyoosha kwa meno. Nikafunika mashini kwa kitambaa chake, nikaenda kusali.

Kesho yake namba nne ikamwangukia Béata. Béata! Mwenye mkono mzuri kuliko sisi wote! Uzi ukajikunja chini ya nguo yake hadi ikawa donge. Sista akauliza nani aliyeigusa mashini hii jana. Béata akanigeukia. Tulikuwa tumeshinda pamoja, isipokuwa ile nusu saa yangu. Ningeweza kusema: Sista, si yeye, alikuwa na mimi. Alingoja niseme.

Nikaangalia chini. Kuna ufa kwenye saruji ya darasa lile unaofanana na ziwa letu. Niliuangalia vizuri sana, mpaka visiwa.

Zawadi ya mwaka ilikuwa mkasi mpya wa kushonea. Béata hakuupata. Niliupata mimi.

Watu wote wanasema Dancille ana haya, mumwache. Béata hakusema hivyo. Shule imekwisha na leo ni siku ya kumi hajanisemesha. Kila siku anakwenda kwa Henriette, yule binti wa wafanyabiashara wa Butembo, kwa sababu baba yake Henriette ana radio. Henriette anacheka mpaka anaonyesha koromeo. Simpendi.

Nyumba ya akina Béata inatazamana na yetu. Nimehesabu kutoka dirishani: hatua kumi na saba, pamoja na kuruka mtaro. Na Jumamosi Béata anapanda lori la Papa Habarurema kwenda Rutshuru kwa shangazi yake mkunga, kujifunza kazi. Atakaa miaka miwili. Miwili!

Basi nina siku tano. Kwenda kusema kwa mdomo haiwezekani. Mdomo wangu hujifunga kama duka siku ya Misa. Barua haiwezekani vilevile: Mama Béata hajui kusoma, na kila karatasi inayoingia nyumbani kwake anampa mpita njia amsomee kwa sauti.

Lakini tuko mwaka wa hamsini na saba. Siku hizi kuna vyombo. Mashini ilituachanisha, mashini itatupatanisha. (Sentensi nzuri. Nimeipigia mstari.)


Jumanne, 9 Julai

Papa yangu, Védaste, ni karani wa magazini, ghala la kahawa la njia ya bandarini. Pale kuna telefone mbili tu: moja mezani kwa Papa, nyingine kwenye stoo, ng'ambo ya kiwanja. Waya umefungwa juu ya mikaratusi, unakwenda na kurudi humo humo, haufiki pengine popote. Ukizungusha kile kishikio cha pembeni huku, kule inalia.

Mpango. Jana nilimwambia Mama kwamba magazini ina magunia matupu yatakayofaa mizigo ya Béata. Mama akamwambia Mama Béata. Mama Béata akamtuma Béata aende stoo saa nne. Mimi nikampelekea Papa chakula cha saa sita, saa tatu na nusu. Papa akauliza kuna nini. Nikasema maharagi yameiva mapema. Papa ananiita "mama" akifurahi na "Dancille" akikasirika. Leo aliniita mama, akala, akatoka kwenda kuangalia mizani.

Saa nne kamili Béata akapita mbele ya dirisha, akaingia stoo. Nikazungusha. Ikapokewa! Hakuna neno, ni pumzi tu. Alikuwa ananisikiliza! Nikafumba macho na kusema kwa sauti ndogo yote niliyokuwa nimeyaandika kiganjani: kwamba ni mimi, asijibu kitu. Kwamba mimi ndiye niliyekosa. Kwamba tumekaa pamoja miaka mingi na sasa tunapitana kama wageni. Kwamba sina raha, chakula hakishuki. Aje tuongee, mlango uko wazi.

Halafu kilio. Kilio kamili, chenye kwikwi na kamasi. Na mimi nikaanza kulia. Tukalia wote wawili, kila mtu upande wake wa waya. Nikawaza: lo, kumbe ni rahisi hivi! Watu wanateseka bure kukodoleana macho!

Nikafumbua macho nimtazame kupitia dirisha.

Béata alikuwa barabarani. Magunia sita kichwani, anakwenda zake nyumbani, anaimba. Na telefone bado inalia sikioni mwangu.

Nikaiweka chini kama kaa la moto. Aliyepokea ni Papa Modeste, mlinzi wa stoo. Muzee wa miaka sitini.


Jumatano, 10 Julai

Papa Modeste hakuja kazini. Miaka kumi na mmoja hajakosa hata siku moja, hata siku ile jino lilipomvimbisha shavu.

Saa sita Papa akaja na habari. Mke wa Papa Modeste, Mama Émérance, aliondoka kabla ya Pasaka kurudi kwa kaka zake Munigi, kwa sababu mumewe alimchinjia mgeni mbuzi wa mkewe bila kumuuliza. Muzee hakwenda kumfuata. Alisema yeye si mutu wa kukimbilia wanawake. Sasa leo alfajiri kaonekana kwenye mpando wa Munigi akikanyaga kinga, ile baiskeli yake, kavaa koti la arusi, kuku mzima kafungwa nyuma. Mtu akamuuliza unakwenda wapi na kuku huyo. Akajibu: bibi yangu amenipigia telefone. Amesema mlango uko wazi.

Papa alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Akasema telefone yetu haifiki hata kwenye choo cha magazini, itafikaje Munigi! Mama hakucheka. Alisema afadhali muzee aliyesikia vibaya kuliko wazee wengine wasiosikia kabisa. Papa akaendelea kula.

Nilikula viazi vitatu bila kuinua kichwa.

Mpango wa pili. Telefone ina kosa moja: hujui nani ameipokea. Ninataka chombo ambacho hakuna njia Béata asikisikie. Jibu liko juu ya nguzo katikati ya cité, mtaa wetu: kipaza sauti! Kila siku saa kumi na moja Honoré, msemaji wetu, anawasha mikro na kutangaza habari, kisha vitu vilivyopotea, kisha mikutano. Watu wote wanasikia, hata asiyetaka.

Niliandika maneno matatu tu: "Béata, unisamehe. Dancille." Niliyapeleka kwenye dirisha la Honoré nikataka kukimbia. Akaniita. Honoré anavaa tai hata anapokwenda kuoga ziwani, watu wanasema. Akasoma karatasi, akasikitika. Akanieleza, mutoto, kwenye mikro hatusemi na mutu mumoja, tunasema na cité nzima. Mimi Honoré nikisema "Béata, unisamehe", watu watafikiri ni mimi nimemukosea Béata. Bibi yangu atasikia! Atauliza Béata ni nani! Basi tutaiweka vizuri, kama wanavyosema wasomi: yule amefanya nini kwa yule. Akauliza kama naelewa.

Mdomo umefungwa. Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Saa kumi na moja nilikaa chini ya dirisha letu, sikio nje. Habari za bei ya kahawa. Habari za barabara. Kengele ya kinga imepotea karibu na soko. Halafu:

"Tangazo. Dancille, mutoto wa Papa Védaste, anamusamehe Béata. Ninarudia. Dancille anamusamehe Béata."

Anamsamehe! Mimi ndiye ninayemsamehe yeye! Silabi mbili tatu zimehama upande, na dunia imepinduka!

Alirudia mara tatu, kama anavyofanya kwa mbuzi waliopotea. Mara ya tatu alipunguza mwendo, ili hata walioko ziwani waelewe.


Alhamisi, 11 Julai

Siku mbaya. Naiandika nikiwa chini ya kitanda.

Mama Béata alikuja kabla hatujamaliza chai. Hakukaa. Alisimama uani, mikono kiunoni, akasema anataka kujua mutoto wake ameniibia nini hata nimusamehe mbele ya cité yote. Tangu jana wanawake wanamuuliza. Muuza nyanya amemuuliza kama ilikuwa kitenge au mchumba. Mama yangu akasema, Mama Béata, pole, huyu mtoto wetu ana haya. Mama Béata akajibu: haya ya nini? Watu anawaogopa, kipaza sauti hakiogopi!

Akanigeukia, akaniambia niseme. Kidole gumba cha mguu wangu wa kushoto kikainuka. Huinuka chenyewe nikiogopa, tangu utotoni; Béata alikipa jina "Bwana Salamu". Kidole kiliinuka, mdomo haukufunguka. Mama Béata alikitazama kidole kwa muda. Hasira ikampungua kidogo. Akasema kwa upole, mutoto wangu, barabara si ni hii tu? Hata mbuzi wangu anaivuka.

Akaenda. Sijui kwa nini alianza kusema habari za mbuzi.

Lakini nilipokuwa chini ya kitanda nilipata mpango wa tatu, na huu hauna maneno hata kidogo. Maneno ndiyo yanayoniharibia. Picha!

Nilikuwa nimemsikia Henriette akijigamba kisimani kwamba saa tisa wanakwenda yeye na Béata kwa Théoneste, mpiga picha wa nyuma ya soko, wapige picha ya kuagana. "Moja yangu, moja ya chérie wangu Béata." Chérie, eti mpenzi! Théoneste ana pazia lake alilochora ndege, aeroplani kubwa yenye madirisha. Wateja wanasimama mbele yake, wanaonekana kama wanasafiri kwenda Brusele.

Mpango: nijifiche nyuma ya pazia. Théoneste akisema msitikisike, nitoe mkono polepole na kuuweka begani kwa Béata. Hatageuka, maana amekatazwa kutikisika. Kisha akiwa Rutshuru, akitazama picha, atauona mkono wangu begani mwake. Ataelewa. Picha haigugumizi.

Niliingia kupitia kwenye ua wa jirani. Nikasimama nyuma ya ndege. Nikawasikia wakiingia, Henriette akicheka koromeo lile. Théoneste akachukua muda mrefu kupima jua. Akasema sasa, msitikisike. Nikatoa mkono.

Pazia halikuwa na mwisho pale nilipofikiri. Mkono wangu ukaingia ndani ya tumbo la ndege. Ndege ikavimba. Nikausogeza kushoto kutafuta njia, uvimbe ukaenda kushoto. Kukasikika "tak". Théoneste akalaani upepo wa ziwani. Henriette akauliza upepo gani, mbona majani hayatikisiki.

Nilitoka nilikoingilia, nikaacha kipande cha sketi kwenye ua. Bega la Béata sikuligusa. Niligusa dirisha la tatu la ndege, kwa nyuma.


Ijumaa, 12 Julai

Papa Modeste amerudi! Saa tatu asubuhi kaingia kwenye kiwanja cha magazini akisukuma kinga, na juu ya kinga, kando, kama malkia, Mama Émérance na kapu lake. Mapagazi wote wakapiga makofi. Papa alikuwa amejiandaa kumgombeza muzee kwa siku mbili alizokosa. Alipoona kapu, akamwambia tu akafungue stoo.

Nilikuwa nimempelekea Papa chakula (saa sita kweli leo), nikasikia yote. Mama Émérance anawaapia wanawake wanaochagua kahawa kwamba yeye hajawahi kushika telefone tangu azaliwe. Anasema alikuwa anapalilia maharagi, akamwona muzee anafika, jasho, koti la arusi, kuku amekufa kwa jua. Muzee akamwambia: nimesikia maneno yako yote, mama, na mimi pia nilikosa. Mama Émérance anasema maneno gani, yeye hajui. Lakini mwanaume ambaye miezi mitatu hakuweza kusema "nilikosa" na sasa anaisema mbele ya kaka zake wanne, utamuuliza ameambiwa na nani? Alichukua kapu.

Papa Modeste yeye anacheka tu. Anamkonyeza kila mtu. Anaamini bibi yake anaona haya kukubali.

Ameipangusa telefone ya stoo. Ameiwekea ua kwenye kopo. Nimemwona akiisalimia: habari ya asubuhi.

Inauma. Yalikuwa maneno yangu! Niliyatunga kwa ajili ya Béata, siku nzima, nikayaandika kiganjani kwa kalamu ya Papa! Sasa yamekwenda Munigi kumrudisha mke wa mtu mwingine, na mimi mkono mtupu.

Jioni. Henriette ameleta picha. Nilikuwa dirishani, nyuma ya pazia letu (linafika mpaka chini, nimelipima). Wamesimama katikati ya barabara, Henriette anapiga kelele kwamba Théoneste amewaibia, mbona ndege ina mimba, na hii chini ni nini, miguu ya nani! Miwili yangu, miwili yako, na hii miwili mingine ya nani! Akasema ni ya mzimu. Akasema ni ya Théoneste. Akasema ni ya mzimu wa Théoneste.

Béata akaishika picha karibu na macho. Akaitazama muda mrefu. Hakucheka. Kisha akainua kichwa na kutazama dirisha letu moja kwa moja.

Nikalala sakafuni.

Pazia la Théoneste halifiki chini. Hilo ndilo nililokuwa sijalipima.


Jumamosi, 13 Julai

Nimeamka na mpango wa mwisho. Nilitoboa kopo la maziwa juu na chini, nikapata tarumbeta ya kusemea. Nitasimama mbali, upande wa wauza ndizi, nitasema kupitia kopo. Sauti itafika, uso wangu hautafika. Mama aliniona nikitoka na kopo mkono mmoja na mkasi mkono mwingine, umefungwa ndani ya kitambaa. Aliuliza ninakwenda wapi na vitu hivyo. Nikasema sokoni. Akanitazama kama anayetaka kusema jambo la barabara na mbuzi. Nikakimbia.

Lori la Papa Habarurema lilikuwa limeshajaa. Magunia ya chumvi, masufuria, wanawake, jogoo. Béata ukingoni, ameketi kwenye yale magunia sita niliyompatia mimi mwenyewe kwa ujanja wangu. Mama yake chini anamkumbusha asinywe maji ya baridi. Henriette analia kwa sauti kubwa kuliko mama mzazi.

Nikasimama kwa wauza ndizi. Nikaweka kopo mdomoni. Papa Habarurema akawasha mashini.

Daftari, hujasikia lori lile. Ni chuma dhidi ya chuma na mawe tumboni. Nilisema "Béata" kwenye kopo, sikujisikia hata mimi mwenyewe. Nikasogea. Nikasema tena. Nikasogea tena. Watu walikuwa wanapungia mikono, hakuna aliyenitazama. Nikajikuta niko ubavuni mwa lori, kichwa changu karibu na magoti yake, na kwa sababu hakuna mtu duniani ambaye angeweza kunisikia, nikasema yote. Yote! Kwamba ni mimi niliyevunja namba nne! Kwamba nilinyoosha kichuma kwa meno! Kwamba nilikuwa naweza kusema na sikusema! Kwamba zawadi ni yake! Sijawahi kusema maneno mengi hivyo katika maisha yangu. Yalitoka kama maji ya mtaro mwezi wa nne.

Béata akaweka mkono sikioni. Nikaona mdomo wake unasema: nini?

Nikarudia yote. Akatikisa kichwa, hasikii. Akainama, akaninyang'anya kopo mdomoni, akalitupa kwenye ndizi. Kisha akatoa ile picha kifuani, akanionyesha chini, miguu ya tatu. Miguu yangu. Kidole gumba cha kushoto kimesimama wima, Bwana Salamu mwenyewe, hakuna mwingine Goma nzima. Akanyoosha kidole kwenye picha. Akanyoosha kidole kwenye mguu wangu. Nikatazama: kimesimama.

Akaanza kucheka. Sikumsikia, nilimwona tu. Alicheka mpaka akamshika mwanamke wa jogoo asianguke. Na mimi nikacheka. Nikampa kitambaa. Akakifungua, akauona mkasi. Akaacha kucheka kidogo. Akanitazama kama alivyonitazama darasani siku ile, akingoja. Safari hii sikuangalia chini. (Chini kulikuwa na gurudumu.)

Akaushika mkasi, akaikata picha. Alikata sehemu ya chini yote, kwa mstari ulionyooka kama rula, mkono ule mzuri kuliko wetu sote, juu ya lori linalotikisika. Akanipa kile kipande. Miguu sita. Yangu iko kati ya yake na ya Henriette, lakini imeelekea upande wa yake.

Lori likaondoka. Alisema kitu, mikono mdomoni, maneno marefu. Sikusikia hata moja. Vumbi jeusi likatufunika mimi na Henriette pamoja. Henriette akanipa leso yake. Nikapenga.


Jumatatu, 15 Julai

Jana baada ya Misa Mama Béata alinisimamisha mbele ya watu. Alisema Béata amemwachia neno la kunipa. Amesema: "Mwambie Dancille, siku nyingine akitaka kuvunja kitu, afunge dirisha kwanza."

Alijua! Alikuwa nje ya dirisha la darasa siku ile ile! Aliniona nikiuma kile kichuma! Siku zote zile alijua, na Sista alipouliza hakunitaja, alipokea lawama akanyamaza. Mama Béata hajui maana ya maneno hayo, lakini anasema binti yake alikaa kila jioni mlangoni siku kumi na tano akitazama nyumba yetu, akisema atakuja tu, ngoja, atakuja. Ndipo alipokuwa anakwenda kwa Henriette, giza likianza.

Nimewaza usiku kucha juu ya jambo hili. Nimejifunza. Somo ni wazi kabisa: ningefunga dirisha.

Basi. Kwa kuwa Béata hakunisikia juu ya lori, na mimi sikumsikia, ilibidi tumalize maongezi yetu. Nikafikiri juu ya telefone. Najua waya unafika stoo tu. Najua pia kwamba sauti ya Mama Émérance ilikuwa sauti yangu. Lakini Papa Modeste anaapa ilitoka Munigi, na yeye ni mtu mzima, na Munigi iko kwenye njia ya Rutshuru. Labda ukizungusha kidogo unafika karibu. Labda ukizungusha sana unafika mbali.

Leo saa sita Papa alikwenda bandarini. Nilifunga dirisha kwanza. Nikazungusha. Nikazungusha sana. Nilihesabu Munigi, Kibumba, Rumangabo. Nilipokaribia Rutshuru kukatoka mlio kama wa jino, na kishikio kikabaki mkononi mwangu.

Nilikirudisha tunduni, nikakibana kwa kipande cha ndizi. Nikatoka nje, nikaketi na Papa Modeste kwenye ngazi ya stoo. Alikuwa anakula mahindi ya kuchoma aliyochomewa na bibi yake. Akanigawia nusu. Tukala mpaka Papa akarudi, akaingia ofisini, akashika telefone.

Papa akatoka na kishikio mkononi, chenye ndizi. Akauliza nani aliyegusa. Mapagazi wakasema, Papa Védaste, nani mwingine anayeichezea telefone magazini hapa, kuiwekea maua na kuisalimia asubuhi? Wote wakamtazama Papa Modeste. Papa akasema, muzee, nasikitika, kuanzia kesho utalinda geti la nyuma. Pale hakuna telefone.

Papa Modeste hakubisha. Alinigeukia mimi. Tulikuwa tumeketi pamoja, mahindi yake bado yako mkononi mwangu. Ningeweza kusema: Papa, si yeye, alikuwa na mimi. Alingoja niseme.

Nikaangalia chini. Kiwanja cha magazini hakina ufa wowote. Niliangalia hivyo hivyo.

Wakasema mumwache, ana haya.

Lakini usifikiri sina moyo. Nitamwomba msamaha. Geti la nyuma liko hatua nne tu kutoka mahali ninapopita kila siku na chakula cha Papa, kwa hiyo kumwambia kwa mdomo haiwezekani, tutaonana uso kwa uso. Nimeamua kumpelekea telegramu. Hajui kusoma, lakini Honoré atamsomea, na Honoré anajua kuyaweka maneno vizuri.

Wewe utakayefungua daftari hili, nakuomba kitu kimoja tu. Habari ya kishikio, usimwambie mtu. Wala Papa, wala Mama, wala Henriette, ambaye sasa ananipungia mkono kutoka barabarani na sijui anataka nini. Ukiona huwezi kabisa kunyamaza, basi mwambie mtu mmoja, kwa mdomo, sikioni. Kipaza sauti, hapana.